Je, Wajua? Mtahini wa marubani husikiliza pia

Rubani anayeomba kazi huingizwa kwenye simuleta, na mara nyingi injini moja huzimwa ndege ikiwa ndiyo kwanza inaacha ardhi. Wengi hujinoa mikono tu. Kumbe mtahini anasikiliza pia: unamgawia mwenzako kazi? Akikuonya, unamsikia?

Msisitizo huo una historia chungu. Desemba 1978, ndege ya United Airlines iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, kapteni akiwa ameshughulika na hitilafu ya magurudumu. Wenzake walitaja mafuta, ila kwa adabu iliyopita kiasi. Watu 10 walikufa. Mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo ya ushirikiano ndani ya chumba cha marubani.

Kwenye usaili, basi, tarajia swali hili: umewahi kumpinga kapteni wako, na ulimwambiaje?