Mikoko ya Mlango wa Ruvuma na Watu Wake

Msitu wa mikoko unaoota kwenye matope ya mlango wa Mto Ruvuma, kusini-mashariki mwa kata ya Rahaleo mjini Mtwara, ni mali ya serikali kwa mujibu wa sheria, lakini kwa desturi ni ghala la Wamakonde wa mwambao, ambao huitwa pia Wamaraba, na la majirani zao.

Wakazi hao huutambua kila mti kwa kazi yake: mkoko hutoa boriti, yaani miti minene ya kubebea dari, na magome yake yalitumika kutia nyavu rangi nyekundu, mlilana, unaoota mbele kabisa kuelekea bahari, hutoa mataruma, ambayo ni mbavu za mashua, nao mchu huchomwa katika matanuri ya chokaa. Katika ujenzi wa nyumba ya udongo, nguzo husimikwa kwanza, fito zikafungwa kwa kamba ndani na nje, kisha ndugu na majirani huitwa kukandika, yaani kujaza udongo katikati ya fito hizo, na paa likaezekwa makuti. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake huingia matopeni kuokota kombe na chaza, ilhali uvuvi wa mashua kwa kawaida ni kazi ya wanaume.

Kwa karne nyingi boriti za pwani ya Afrika Mashariki zilipakiwa katika majahazi yaliyosafiri kwa upepo wa kusi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Waingereza waliitangaza mikoko ya Tanganyika kuwa hifadhi za misitu kati ya 1928 na 1932. Mwaka 1987 serikali ilisimamisha uvunaji wake. Na mwaka 2000 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, ambayo vijiji kama Msimbati vimo ndani yake.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi shirikishi, yaani serikali na wanakijiji kuulinda msitu kwa makubaliano. Ushirika huo hauna maana pasipo ujuzi wa wenyeji, kwa sababu asiyeweza kupambanua mlilana na mchu hawezi kuamua upi ukatwe na upi uachwe.