Kilo ya Maua na mfuko wa Mbeere

Muuzaji wa mji wa Maua, Meru, akikuambia anakuuzia kilo ya miraa, usitafute mizani. Kilo hapo ni vifurushi kumi vilivyofungwa pamoja, na uzito hauhusiki. Embu, muguka hupimwa kwa macho na kutiwa mfukoni. Kwa hiyo anayesema muguka ni rahisi kuliko miraa amelinganisha vipimo viwili visivyofanana, ingawa mmea ni ule ule.

Miraa inauzwa kwa majina, na jina ndilo linalolipiwa. Giza ni vijiti vifupi, laini, vya kuchaguliwa. Kangeta, iliyochukua jina la mji ulio njiani kuelekea Maua, ina vijiti virefu. Juu ya yote ni miti mikongwe ya Igembe, mbaine, iliyorithiwa kutoka kwa mababu, na mchumo wake una heshima ambayo mti mchanga hauipati. Posa ya kimila huko huenda na ncoolo, kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Historia hiyo imo ndani ya bei.

Imo pia siasa ya nje. Uingereza ilipopiga miraa marufuku tarehe 24 Juni 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, wakulima wa miraa wa milima ya Nyambene waliumia vibaya, huku mzigo uliokusudiwa kupanda ndege ukitafuta mnunuzi hapa hapa nyumbani.

Muguka haina fahari hiyo. Hutoka Mbeere, upande mkavu wa Embu, na huliwa majani tu, hakuna kumenya gome. Mwenye shilingi 50 harudi mikono mitupu, na hapo ndipo mvuto wake ulipo. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliipiga marufuku. Rais akasema marufuku hizo ni batili, kwa kuwa Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023 zinaitambua. Naelewa hofu ya wazazi wa Pwani. Kitu kikali kinachopatikana kwa hela ya chai hufika kwa mtoto upesi.

Sasa tupige hesabu ambayo wengi huikwepa. Muguka ni chungu, kwa hiyo unanunua chingamu ya Big G na njugu. Koo likikauka, soda. Kisha sigara, kwani wengi hawatafuni bila kuvuta. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, lakini kibanda kitakuuzia, na tangu Desemba 2024 ushuru ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, yenye kichujio na isiyo nacho sawasawa; yaani shilingi 4.10 ndani ya kila moja kabla ya faida ya yeyote. Mfuko wa shilingi 100 ukiongezwa vikorokoro vya shilingi 100, kila siku, ni shilingi 73,000 kwa mwaka. Hapo sijahesabu usiku usio na usingizi, wala kibarua cha asubuhi kilichokupita.

Kutotafuna kabisa ndiko nafuu kuliko zote, kwa mfuko na kwa moyo. Lakini kwa atakayenunua, nachagua giza kidogo siku ya harusi kuliko muguka ya kila jioni. Bei ya giza yenyewe inakuwekea mpaka. Muguka haina breki.

Ukiamua kununua, cha kukagua ni umri wa jani. Kathinoni, kiini kinachochangamsha, huanza kupotea mara tu baada ya mchumo, na baada ya siku mbili hivi kinachobaki ni hafifu. Ndiyo sababu pikapu za Maua hukimbia vile, na ndiyo sababu ya majani ya mgomba: yanatunza unyevu. Fungua kifurushi mbele ya muuzaji, ukunje jani moja. Likivunjika badala ya kukunjika, mrudishie.