Safu za Majibu katika Fomu za Wavuti: Uhakiki wa Upande wa Seva na Usahihi wa Takwimu za Lugha

1. Utangulizi

Mkazi wa eneo letu aghalabu huzungumza lugha mbili, tatu au zaidi. Dodoso linalompa nafasi ya jibu moja humpunja; linalompa nafasi ya majibu mengi humtwika mwandishi wa programu jukumu la kuyapokea bila kuyavuruga. Jukumu hilo limeongezeka uzito tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Mipango ya walimu, vitabu na mitihani inahitaji takwimu za nani anajua lugha gani, na kwa kiwango gani.

Makala haya yanafafanua jinsi majibu mengi ya fomu moja yanavyopokewa kwenye seva, yanavyoweza kuharibika, na namna ya kuyahakiki. Mifano ni ya lugha ya programu ya PHP. Hoja kuu ni kwamba kuhakiki kila jibu peke yake hakutoshi. Sharti uhusiano baina ya majibu nao uhakikiwe.

2. Safu na upotoshaji usioonekana

Kivinjari hutuma kila uga, yaani kila sehemu ya kujazwa, kama jozi ya jina na thamani. Jina likiishia kwa mabano mraba matupu, kwa mfano lugha[], PHP hukusanya thamani zote za jina hilo na kuzipa nambari kuanzia 0. Mkusanyiko huo ndio safu.

Tuchukulie kwamba mhojiwa wa Kampala ameorodhesha Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Mbele ya kila lugha pana kisanduku cha kutiwa alama ikiwa anaiandika, nacho kimepewa jina anaandika[]. Ametia alama kwenye Kiswahili na Kiingereza tu. Kwa kuwa kivinjari hakitumi kisanduku kisichotiwa alama, safu ya lugha inafika na vipengele vitatu, ilhali safu ya uandishi inafika na viwili, vyenye nambari 0 na 1. Programu inayooanisha safu hizo kwa nambari itahifadhi kwamba mtu huyu anaandika Kiswahili na Kiganda, wala haandiki Kiingereza. Kila thamani ni halali, hakuna onyo lililotolewa, lakini taarifa ni ya uongo.

Tiba ni kuipa kila safu mlalo ya fomu nambari yake tangu mwanzo: lugha[1][msimbo] na lugha[1][anaandika]. Hapo kukosekana kwa alama kunaihusu lugha hiyo pekee. Hata hivyo, kisanduku kitupu hakitofautishi aliyekana na asiyejibu. Tofauti hiyo ikihitajika, ni vyema kutumia chaguo mbili zilizo wazi, "ndiyo" na "hapana".

3. Hatua nne za uhakiki

Ya kwanza ni umbo. Uhakiki unaofanywa na kivinjari humsaidia mjazaji, lakini hauilindi seva, kwa kuwa mtu anaweza kutuma data bila kuipitia fomu yenyewe. Palipotarajiwa safu panaweza kufika neno moja, na kinyume chake. Tangu PHP 8, amri ya trim ikipewa safu badala ya neno husababisha hitilafu inayoweza kusimamisha programu. Kwa hiyo is_array itangulie.

Ya pili ni kila kipengele. Lugha zilinganishwe na orodha maalumu ya misimbo, mathalani ya ISO 639-3, ambamo swh ni Kiswahili, swc ni Kiswahili cha Kongo na lug ni Kiganda. Kwa majibu huru, kanuni isiwe finyu. Ikiruhusu herufi a hadi z pekee, italikataa neno ng'ambo kwa sababu ya ritifaa, na maneno ya Kilingala yenye ɛ au ɔ. Ritifaa huogopwa kwa kuwa inaweza kutumiwa kupenyeza amri katika hifadhidata. Kinga sahihi ni kutuma amri na thamani kila moja peke yake, si kuipiga marufuku tahajia ya Kiswahili.

Ya tatu ni uhusiano. Kila lugha iwe na kiwango chake, isirudiwe, na lugha ya kwanza iliyotajwa iwemo katika orodha.

Ya nne ni ukamilifu. PHP ina kikomo, max_input_vars, ambacho kwa kawaida ni 1000. Mwalimu akijaza taarifa za wanafunzi 120, kila mmoja nyuga 9, jumla ni 1080. Zinazozidi hukatwa, na mwalimu huenda asione onyo lolote. Uga wa mwisho uliofichwa katika fomu husaidia: usipofika, fomu imekatwa.

4. Kukataa kwa uwazi

Jibu likikosea, lisifutwe kimyakimya. Fomu irudishwe na majibu mengine yakiwa yamehifadhiwa, na safu mlalo yenye kosa itajwe. Ufutaji wa kimya huziumiza kwanza lugha ndogo, kwani ndizo zinazoelekea kukosekana katika orodha ya misimbo. Chaguo la "nyingine", lenye nafasi ya kuandika jina, huzipa mahali.

5. Hitimisho

Mshauri wa sera anayekabidhiwa takwimu za lugha aombe pia kanuni zilizotumika kuzihakiki. Asiye mtaalamu wa programu anaweza kufanya jaribio hili: ajaze lugha tatu, aache kisanduku cha lugha ya pili bila alama, kisha asome kilichohifadhiwa. Alama ya lugha ya tatu ikionekana kwenye ya pili, takwimu hizo zisitumike kupanga walimu wala vitabu mpaka programu irekebishwe na madodoso yapitiwe upya.