Mlango wa Nyumba na Mlango wa Sikio

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kulinda mali ya nyumbani. Si kwa bunduki wala kwa mbwa mkali, bali kwa vitu vidogo ambavyo kila mtu wa Ujiji anavyo, au aweza kuvipata bila gharama kubwa: komeo, kufuli, daftari, kalamu, na ulimi wa kuuliza. Yapasa tukumbuke kwamba kuna wezi wa namna mbili. Wa kwanza huvunja mlango. Wa pili hufunguliwa mlango na mwenye nyumba mwenyewe, akakaribishwa, akapewa mali kwa mkono wa kulia. Huyu wa pili ndiye mlaghai, naye hapiti katika mlango wa mbao. Hupita katika mlango wa sikio.

Ulaghai si jambo geni katika mji wetu. Watu wengi wamefika mahali pa kumbukumbu ya Livingstone hapa Ujiji, wakasikia jinsi Stanley alivyomkuta mwaka 1871. Lakini ni wachache wanaojua kwa nini Livingstone alikuwa maskini siku ile. Aliondoka Ujiji mwaka 1869, akavuka ziwa kwenda Manyema. Huku nyuma aliletewa bidhaa kutoka Unguja, nguo na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za msafiri zamani hizo, nazo zilikuwa chini ya msimamizi mmoja aliyeitwa Sherifu. Aliporudi mwezi wa Oktoba 1871, amekonda mno, hakukuta kitu. Yeye mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba katika nguo yadi 3000 hakuachiwa hata yadi moja, na katika shanga ratili 700 hakuachiwa hata uzi mmoja.

Je, mali nyingi namna ile iliuzwaje mchana, mbele ya watu? Kwa maelezo ya Livingstone, msimamizi yule alisema ametazamia na kuona kwamba mwenye mali amekufa. Tena alimwandikia liwali wa Unyanyembe kwamba amepeleka watu Manyema, nao wamerudi na habari ya kifo, akaomba ruhusa ya kuuza vilivyosalia. Rafiki zake wakavinunua kwa bei ndogo sana. Mwenye mali aliporudi mzima, msimamizi alimjia bila haya kumpa mkono. Mwarabu mmoja mwema, Said bin Majid, alishauri vitu virudishwe, lakini walionunua walikataa, ingawa walijua ni mali ya wizi.

Tumeeleza habari hii kwa kirefu kwa sababu ulaghai wote tunaouona leo umo ndani yake. Kwanza, mali yote ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Pili, habari ya kifo ilikuja kwa njia moja tu, nayo ni njia ya yule yule atakayefaidika. Tatu, bei ilikuwa rahisi mno, na urahisi ule ukawafumba macho wanunuzi. Laiti mtu mmoja asiye na faida katika jambo lile angaliulizwa, uongo ungalionekana mapema. Basi, kanuni yetu ya leo ni hii: habari ya mali isiyothibitishwa kwa njia ya pili, usiitende.

Sasa tuje katika siku zetu. Shanga zimekwisha, na fedha nyingi hupita katika simu ya mkononi. Njia hii ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, nayo imetufaa sana. Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi aweza kulipwa na mnunuzi aliye Dar es Salaam kabla gunia halijapakiwa. Lakini panapopita fedha, mlaghai naye hupita.

Mmoja wa mitego yake mnaujua nyote. Ujumbe huja katika simu: ile fedha itume kwa namba hii, jina litakalotokea ni la fulani. Labda mtu hujiuliza, amejuaje kwamba nina deni? Hakujua. Watazameni wavuvi wetu usiku wa giza. Mvuvi hamjui dagaa hata mmoja kwa jina. Huwasha taa juu ya maji, nao hujikusanya wenyewe, kisha hutia wavu. Mlaghai naye hueneza ujumbe ule kwa watu wengi asiowajua. Wengi huufuta, lakini hakosekani mmoja aliyeahidi kumtumia nduguye fedha siku ile ile, naye hudhani ndiye aliyeandika.

Mtego wa pili ni ujumbe usemao umepokea fedha, na mara simu inalia: Mama, nimekosea, nirudishie, mtoto wangu ni mgonjwa. Ujumbe ule wa kwanza haukutoka kwa kampuni, ameuandika mwenyewe. Dawa yake ni kutazama salio lako kwa njia ile uliyoizoea siku zote, si kwa kuusoma ujumbe. Hata ukiona fedha kweli zimeingia, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aiombe kampuni yake izirudishe, kwa maana kampuni inayo njia ya kufanya hivyo.

Mtego wa tatu ndio mchungu kupita yote, kwa sababu hushika moyo. Mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja, mama auzaye mawese, alipigiwa simu asubuhi. Sauti ya adabu ilimwambia kwamba mwanawe ameanguka shuleni, amepelekwa hospitali, na daktari hawezi kumtibu bila shilingi 180,000. Akaonywa asikate simu. Mama yule alikwenda kwa wakala akilia, simu ikiwa sikioni, akatuma fedha zote alizoziweka za ada. Saa ile ile mwanawe alikuwa darasani mwetu akiandika mtihani wa hesabu. Shule ni mwendo wa dakika 20 kutoka nyumbani kwake, na namba ya mwalimu alikuwa nayo. Walakini hatuwezi kumlaumu. Mlaghai alijua kwamba mtu mwenye hofu haulizi, na aliyeshikishwa simu hawezi kuuliza. Amri ile ya kutokata simu ndiyo komeo aliyoufungia mlango wa njia ya pili.

Basi, haya ndiyo mambo ya kuweka tayari nyumbani kabla ya siku ya msiba.

Andika katika daftari namba za watu unaowategemea: mwalimu wa mtoto, zahanati, jirani, mzee wa familia, na namba ya kampuni ya simu. Daftari hilo litundike ukutani, wala usiamini simu peke yake, kwa kuwa simu huibwa. Habari mbaya ikija, kata simu, kisha piga wewe namba iliyo katika daftari. Mtu wa kweli hatakasirika.

Patana na watu wa nyumbani neno moja la siri, jina la mti au la samaki, ambalo atakayeomba fedha kwa dharura hana budi kulitaja. Mtoto wa miaka 8 aweza kulishika.

Namba yako ya siri ya fedha usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni mtumishi wa kampuni. Anayeiomba amekwisha kujitambulisha kuwa ni mwizi. Na kila utumapo fedha, lisome jina linalotokea kabla hujakubali. Likiwa si jina unalolijua, acha.

Tangu mwaka 2019 laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Ukitakiwa kuweka kidole mara ya pili au ya tatu, uliza sababu, kwa maana mtu mwovu aweza kusajili laini nyingine kwa jina lako na kuitumia kwa uhalifu. Bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ikafutwe.

Tena usiusahau mlango wa mbao. Komeo la ndani na kufuli imara ni bora kuliko pazia zuri. Ufunguo usiufiche chini ya jamvi wala juu ya mlango, kwa kuwa huko ndiko mwizi aangaliako kwanza. Mwachie jirani mwaminifu. Mgeni akibisha akisema amekuja kutazama umeme au maji, zungumza naye dirishani, uone kitambulisho chake, ukapige simu ofisini kwake kwa namba uijuayo wewe, si ile atakayokupa yeye. Na vitu vya thamani viandikwe katika orodha mbili: moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa ndugu. Mali iliyoandikwa kwa watu wawili haiuzwi kwa urahisi na mmoja.

Jambo la mwisho ni aibu. Mama yule tuliyemtaja alinyamaza mwezi mzima, akiogopa kuchekwa na mumewe na majirani. Katika mwezi ule wazazi wengine wawili wa darasa lile lile walipigiwa simu ya namna ile ile, na mmoja wao alituma fedha. Aliposikia, mama alilia mara ya pili, akasema, "Ningalisema, mwenzangu angalipona." Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Ukilaghaiwa, iarifu kampuni yako upesi, kwa kuwa fedha ambayo haijatolewa bado yaweza kuzuiwa; namba ya mlaghai ipeleke kwa 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano; toa habari polisi; kisha waambie jirani zako. Aliyelaghaiwa hakutenda dhambi. Aliyelaghai ndiye mwenye aibu, naye hapendi kitu chochote kama ukimya wetu.

Mabibi na mabwana, usiku huu mkiisha kutia komeo, ketini kidogo na watoto, mchague lile neno la nyumbani, na mwenye mwandiko mzuri aanze daftari. Kwaherini.