Funika Chombo Chako: Homa ya Mbu wa Mchana Huanzia Nyumbani



Ndugu zangu Waislamu, akina mama na akina baba, mwaka 2004 mji wa Lamu ulifikwa na homa ambayo wengi hawakuijua. Mtu aliamka mzima, na kabla ya jua kuchwa hakuweza kushika kikombe wala kusujudu kwa maumivu ya viungo. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba takribani robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Maradhi hayo ni chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kukunjika, kwa namna mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Kutoka Lamu yakaingia Mombasa mwaka huo huo, kisha yakavuka bahari hadi visiwa vya Komoro.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mlipuko ule haukuja na masika. Ulikuja wakati wa ukame. Watafiti walieleza kwamba mvua zilipokosekana, maji yaliwekwa majumbani kwa siku nyingi bila vyombo kusafishwa, na humo ndimo mbu walimozaliana.

Mbu huyu si yule wa malaria. Huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na hupenda maji safi yaliyotulia: pipa, mtungi, tangi, jabia, hata sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Ndiye pia aenezaye kidingapopo, iliyozuka Mombasa mwaka 2013. Mayai yake hushika kwenye kuta za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo lazima kisuguliwe.

Je, serikali iko wapi? Ipo, lakini ina mipaka. Wakati wa mlipuko wa Mombasa ulioanza mwishoni mwa 2017, hadi mapema Februari 2018 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 453, na kati yao 32 walithibitishwa na maabara. Hesabu hiyo huanza pale tu mgonjwa anapofika kituoni, damu ikachukuliwa na taarifa ikapelekwa kaunti na wizarani. Anayemeza dawa ya malaria nyumbani bila kupimwa hayumo katika daftari, na maafisa hawawezi kuutambua mtaa usiokuwa na taarifa. Nayo dawa ya kupuliza huua mbu warukao. Wale walio ndani ya pipa lako lililo uani haiwafikii.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituusia kufunika vyombo. Ni sunna tuisomayo madrasa tungali wadogo, kisha tukaisahau ukubwani. Nakiri kwamba nami nilifunua tangi la maji ya udhu nyumbani kwangu nikakuta viluwiluwi wakichezacheza ndani. Maji niliyoyaweka kwa ajili ya tahara yalikuwa yakilea madhara kwa jirani yangu.

Aghalabu lawama huangushiwa akina mama. Hiyo si insafu. Si mwanamke aliyeufanya mfereji ukauke, na aliyesubiri mkokoteni wa maji tangu alfajiri hawezi kuambiwa ayamwage. Baba anunue vifuniko na kuziba matangi kwa wavu. Kamati ya msikiti itazame birika lake. Nao wenye dhamana ya maji mijini wajue kwamba maji ya mfereji yatokayo kila siku ni kinga ya maradhi haya kama ilivyo dawa.

Shime basi, tutenge siku moja kila wiki, tuseme Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kuswali. Tusugue kuta za vyombo, tuvifunike, tutupe vifuu na matairi yanayoshika maji. Mtoto alalaye mchana alale ndani ya chandarua, na mgonjwa pia, ili mbu wasichukue maradhi kwake wakawapelekea wengine.

Homa ikiingia, nenda kituoni ukapimwe. Usikimbilie diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni kwa maumivu kabla daktari hajahakikisha kwamba si kidingapopo, kwani dawa hizo huweza kuzidisha kutokwa damu. Parasetamoli kwa kipimo chake, na maji mengi ya kunywa, ndiyo salama zaidi. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asikae na homa nyumbani hata siku moja, maana chikungunya huweza kumpata mtoto wakati wa uzazi. Na mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi kukagua maji, mkaribisheni; hakuja kuwapekua.

Afya ni amana, na ya jirani ni amana vilevile. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi aila zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.