Kesi zinazokwisha kabla jaji hajasema

Basi la mjini lina kifaa cha GPS. Kifaa hutuma mahali basi lilipo kupitia mtandao wa simu, kompyuta inapiga hesabu, na abiria kituoni anasoma kwenye simu yake kwamba zimebaki dakika sita. Nchini Marekani, huduma hii iliwapeleka watu mahakamani kwa miaka mingi.

Chanzo ni hataza, yaani haki za pekee juu ya uvumbuzi, alizopata Martin Kelly Jones kuanzia miaka ya 1990, kwa wazo la kuziarifu familia basi la shule linapokaribia. Baadaye zilishikwa na ArrivalStar ya Luxembourg na Melvino ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kampuni ambazo biashara yao ilikuwa kudai ada, si kuendesha mabasi.

Nguvu ya hataza haimo kwenye michoro. Imo kwenye madai, yaani sentensi zenye namba mwishoni mwa waraka. Mshtakiwa amekiuka pale tu kila kipengele cha dai fulani, au kinacholingana nacho, kinapopatikana kwenye mfumo wake. Sasa dai likiandikwa kwa upana, kwamba kompyuta inafuatilia chombo na kumjulisha mtu kabla hakijafika, linaweza kuelekezwa kwa basi, kwa lori la mizigo, hata kwa duka linalomwandikia mteja kuwa kifurushi chake kiko njiani. Wote hao walidaiwa.

Wengi walilipa. Kesi ya hataza ikifika mwisho huweza kumeza mamilioni ya dola, na Marekani hata anayeshinda kwa kawaida hujilipia wakili wake. Ukiombwa makumi ya maelfu, utalipa hata kama unaamini hujakosa. Naliona hili kuwa dhuluma, hasa mlipaji anapokuwa shirika la mabasi ya umma: fedha hizo ni nauli na kodi za watu.

Juni 2013 chama cha usafiri wa umma, APTA, kiligeuza kibao kwa kuishtaki ArrivalStar yenyewe New York. Agosti mwaka huohuo wakapatana: wanachama wa APTA wasisumbuliwe tena. Madai ya ada yakahamia kwingine, chini ya jina jipya la Shipping & Transit.

Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa maamuzi mawili mazito. Katika kesi ya Alice ilisema wazo la jumla halipati hataza kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta. Katika ile ya Octane Fitness ikawarahisishia majaji kumtwisha mshindwa gharama za mwenzake. Hivyo 2017, mmoja aliyeshtakiwa na Shipping & Transit huko California alipokataa kulipa na kuzipinga hataza zenyewe, mlalamikaji aliiacha kesi, na jaji bado akamwamuru alipe zaidi ya dola 36,000 za mawakili. Mwaka uliofuata Shipping & Transit iliomba kufilisiwa, ikizithamini hataza zake kwa dola moja.

Kesi ikisikilizwa kweli, maswali huwa mengine kabisa. Omega Patents iliishtaki CalAmp, inayouza vifaa vya kufuatilia magari, na baraza la wazee wa mahakama huko Florida likaipa dola 5 kwa kila kifaa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilikifuta kiasi hicho, kwa kuwa Omega haikuonyesha ni sehemu gani ya thamani ya kifaa inayotokana na uvumbuzi wake, na ni ipi inayotokana na mengine yote yaliyomo.