Gereji ya Pikipiki Huanzia Kijiweni

Dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya tajiri ana hesabu ya kupeleka kila jioni. Kama yuko kwenye mkataba, hesabu hiyo ndiyo itakayomfanya siku moja awe mwenye chombo. Pikipiki ikilala gereji, hesabu hailali. Kijana anayetaka kufungua gereji ya pikipiki na aanzie kufikiri hapo, kabla hajauliza bei ya kompresa. Mteja wake analipia kurudi barabarani mapema.

Mafundi wengi wapya, wawe wametoka VETA au wamefundishwa na fundi mkongwe mtaani, hutamani kuanza na injini kwa sababu ndiyo inayompa fundi jina. Lakini injini ya pikipiki moja haifunguliwi kila mwezi. Kinacholeta watu kila siku ni oili, breki shuu, waya wa klachi, plagi, balbu na pancha. Zungukia vijiwe vya jirani, uone kama ni Boxer, TVS au Haojue zilizo nyingi, ndipo uende Kariakoo kununua spea za aina hizo tu kwa bei ya jumla. Spea isiyo na pikipiki yake mtaani kwako ni mtaji uliofungiwa kabatini.

Kwenye vifaa, spana na soketi imara, pula ya magineti na mita ya kupimia umeme vinatosha kuanzia. Ongeza kifaa kimoja ambacho gereji nyingi hazina: vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu. Kati ya roka na valvu lazima pabaki nafasi ndogo mno, ya sehemu za mia za milimita, kwa kuwa chuma hutanuka injini ikipata moto. Nafasi ikikosekana, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka, na valvu ya kutolea moshi huishia kuungua. Nafasi ikizidi, injini inagonga na nguvu inapungua. Kipimo huchukuliwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa mwisho wa mgandamizo, kwa kufuata namba za mtengenezaji. Kazi hii si ndefu, lakini mafundi wengi huifanya kwa sikio na kidole, na dereva hurudi wiki inayofuata na tatizo lilelile.

Kubahatisha ndiko kunakofukuza wateja. Pikipiki imekosa nguvu, fundi anamwambia dereva anunue kabureta, kumbe chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Anza na cha bei ndogo. Fungua plagi uitazame: rangi ya kahawia hafifu ni salama, masizi meusi makavu yanaonyesha petroli imezidi hewa, weusi wenye unyevu wa oili unakuelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Dereva akitaka cheni mpya juu ya sproketi zilizokwisha meno, mwonyeshe meno hayo kwa macho yake. Cheni hiyo italika upesi, na lawama zitakuwa zako.

Upande wa fedha, hela ya ufundi na hela ya spea zisikae mfuko mmoja. Ya spea ina kazi ya kurudi dukani. Ukiila, baada ya muda mfupi utakuwa unamtuma mteja akanunue mwenyewe kwingine. Kukopesha hutaepuka, maana hawa ni watu wako wa kila siku. Kopesha ufundi, usikopeshe spea, na mwenyekiti wa kijiwe aujue utaratibu huo. Weka daftari la kuandikia namba ya pikipiki, kilomita zake, kazi iliyofanyika na deni lililobaki.

Eneo liwe na kivuli na sakafu ya zege, hata ndogo, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye injini iliyofunguliwa unakwangua silinda. Oili chafu ikusanywe kwenye pipa. Kuimwaga mtaroni ni kuharibu maji ya majirani.

Usiahirishe kuchukua TIN ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Halmashauri pia zimetakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya vijana. Mkiunda kikundi, msijikusanye mafundi wa injini watupu. Mtafuteni anayejua umeme wa pikipiki, anayenyoosha rimu na kufunga spoku, na mmoja mwenye mkono mzuri wa kushika daftari.